Dola 60 Zilizopasuka: Barua kwa Mwalimu Anayetaka Kutembeza Wanafunzi kwa Ajili ya Maji

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Lubumbashi aliniandikia. Anataka wanafunzi wake watembee, wachangishe feza za maji safi kwa shule ya msingi iliyo jirani nao. Aliniuliza mambo mawili: fulana zichapwe kwa rangi gani, na mgeni wa heshima awe nani. Nilisoma ujumbe wake mara mbili, nikanyamaza. Mwanzoni mwa 2019 nilikuwa na maswali hayo hayo, na jibu nililipata mbele ya wazazi karibu mia mbili, nikiitwa mwizi.

Ndugu mwalimu, rangi yoyote inafaa. Sasa nisikilize.

Wasioijua Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, hushangaa wakisikia tuna shida ya maji. Ziwa Kivu si lile pale? Ndiyo, liko pale, unaliona ukiwa barabarani. Lakini mji wetu umekaa juu ya lava ya Nyiragongo, mlima wa moto. Mvua ikinyesha inazama kati ya mawe, mto hatuna, na kuchimba kisima katika jiwe lile si kazi ya jembe. Maji ya bomba REGIDESO, shirika la maji la taifa, inayasukuma kutoka ziwani kuyapandisha mjini. Umeme ukikatika pampu zinalala, na wanaokaa juu wanateremka na bidoni zao za manjano, yaani madumu. Mwenye feza anamlipa mtu wa chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili, au wa pikipiki. Asiye nazo anabeba mwenyewe, kamba kwenye paji la uso, lita 20 mgongoni.

Na anayebeba mara nyingi ni msichana. Hilo nililijua kama mwalimu wa jiografia anavyojua mambo mengi, yaani kwa kulifundisha tu. Katika darasa langu la tatu sekondari, seksioni ya komasiale, yaani biashara, kulikuwa na binti aliyechelewa karibu kila siku. Nilimpigisha magoti. Nilimfagilisha uwanja. Hayo yaliendelea miezi minne. Siku moja nilimshika bega nimtoe darasani, nikakuta sare yake imelowa mgongo mzima, na usiku ule mvua haikuwa imenyesha. Alikuwa ameamka saa kumi ya usiku, ameteremka ziwani Kituku, amepanda na bidoni hadi kwao mtaa wa Ndosho, ameiacha, kisha amekimbilia shuleni. Jioni alikuwa anarudia safari hiyo hiyo. Na mimi nilikuwa namwadhibu. Nililia siku ile, wala sioni haya kulisema hapa.

Matembezi yalizaliwa hapo. Kila 22 Machi dunia inaadhimisha Siku ya Maji, na mwaka ule iliangukia Ijumaa. Tungetoka Kituku na bidoni zilizojaa, tupande hadi Ndosho kwa njia ile ile wanayopita wanaoteka maji. Kila mwanafunzi angekuwa na karatasi ya ahadi. Mjomba, jirani, mwenye duka, kila mmoja anaandika atatoa nini mtoto akifika na maji yake. Feza zingenunua tangi la shule ya msingi moja ya huko juu iliyokuwa haina hata robine, yaani bomba la kufungulia maji.

Maandalizi yalichukua wiki saba, sitakuchosha nayo. Nitakuambia moja tu. Watu watakuogopesha wakisema huwezi kutembeza watoto barabarani. Fungua Katiba ya 2006, ibara ya 26: inakutaka uiarifu mamlaka kwa maandishi. Basi andika mapema, peleka nakala kwa polisi pia, na usiondoke ofisini bila nakala yako kupigwa muhuri kwamba imepokelewa. Karatasi ile niliikunja nikaitia mkobani, na asubuhi ile niliitoa mara tatu njiani. Kwenye kaliko letu, kitambaa cha bango, tuliandika maneno ya ibara ya 48, ile inayohakikisha haki ya maji ya kunywa. Hakuna askari aliyebishana na Katiba.

Asubuhi yenyewe tulikutana ziwani saa moja kamili. Maji tuliyaweka klorini kwanza, tukasubiri dakika 30 kabla ya kuondoka, kwa sababu yalikuwa maji ya watu kunywa kule juu. Julai 1994 nilikuwa na miaka 9. Kipindupindu kiliua wakimbizi wa Rwanda kwa makumi ya maelfu katika mji huu na pembeni mwake, na mama yangu alikuwa anachemsha hata maji ya kuoshea vikombe. Hilo halijanitoka. Mwalimu, usikubali hata mtoto mmoja apige picha akinywa maji ambayo hayajatiwa dawa. Picha hufundisha kuliko wewe.

Yule binti hakutaka kutembea. Nilimfuata nyuma ya foleni nikamwuliza kwa nini. Aliniangalia usoni, akasema: «Madame, miye natekaka mayi kila siku. Hakuna mutu anapigaka makofi.»

Sikuwa na jibu. Nilimwambia akae kwenye meza ya waliokuwa wanaandika majina. Huo ndio uamuzi pekee mzuri nilioufanya siku ile, na niliufanya kwa aibu.

Wavulana wakubwa niliwapa lita 20, niwaonyeshe uzito wenyewe. Kosa. Kabla hatujafika nusu ya njia wawili walikuwa wamekaa chini, na mama mmoja muuza samaki aliyekuwa anapanda na mzigo wake alisimama kuwatia moyo. Wape lita 5. Lita 5 kwa mkono wa mtoto, saa moja na nusu ya kupanda, zinatosha kumfundisha. Tulifika Ndosho tukiimba, walimu wa pale wakatoka, wazee wakatoka. Tulihesabu feza ofisini, mlango umefungwa, mimi na mwenzangu mmoja. Kisha nilishika megafoni, nikatangaza: dola 583 na franka 741,500. Uwanja ulilipuka kwa kelele. Ilikuwa saa tamu kuliko zote katika miaka yangu ya kufundisha, na bado naikumbuka kwa fahari.

Jumatatu nilikwenda kununua tangi. Unajua dola zetu zilivyo. Noti yenye mpasuko mdogo kama kucha, hakuna duka linaloipokea. Noti tatu za 20 zilirudishwa. Nilizitia katika bahasha, nikazipeleka kwa kambiste mmoja, mbadilisha feza, akataka kukata karibu nusu, nikakataa, nikaziweka nyumbani nikingoja mwingine mwenye huruma. Tangi, simenti, mabomba na kazi ya fundi nikavilipa kwa zilizobaki. Sikumwambia mtu. Niliona ni jambo dogo.

Mwezi mmoja baadaye, katika mkutano wa wazazi, baba mmoja alisimama na karatasi. Alikuwa amejumlisha bei za vitu vyote vilivyolipwa kwa dola. «Madame alitangaza 583. Hapa naona 523. Dola 60 ziko wapi?» Na mtu akasema nyuma yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba madame ana simu mpya. Simu nilikuwa nayo mpya kweli, kaka yangu aliniletea kutoka Kampala. Bahasha ilikuwa nyumbani, katika sanduku la nguo. Nilifungua mdomo, sauti ikakatika. Niliondoka mkutanoni nikiwa nimefunika uso kwa kitenge.

Bahasha niliileta kesho yake, mkuu wa shule akaziona noti, komite ikaziona. Haikusaidia kitu. Neno likishatoka linatembea lenyewe. Mwaka mzima sokoni nilisikia watu wakipunguza sauti nikipita. Yule baba anakaa karibu na lile tangi, na watoto wake walikunywa maji yake. Hajawahi kuniomba msamaha. Nimemsamehe kanisani mara nyingi, na kila nikimwona barabarani naanza upya.

Ndiyo maana nakuambia, mwalimu: andika. Usihesabu feza ndani ya ofisi. Hesabu uwanjani, mezani, mbele ya macho, na watu watatu ambao si ndugu wala marafiki. Andika franka ukurasa wake na dola ukurasa wake, usizichanganye, kwa sababu bei ya dola ya Ijumaa si ya Jumatatu. Kila noti ya dola iinue kwenye mwanga. Iliyopasuka irudishe hapo hapo kwa mwenyewe kwa upole, au iandike pembeni kwamba imepasuka. Ukinunua msumari, andika msumari.

Jambo la pili ni tangi lenyewe, na hapa pia nilijivuna kabla ya kujua. Mimi nilitaka tukinge maji ya mvua kwenye mabati, maji ya Mungu, bure. Fundi mmoja mzee ndiye aliyenizuia. Aliniuliza kama nimewahi kuangalia meno ya watoto wa vijiji vya upande wa Rusayo, yalivyo na madoa ya kahawia. Mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo inashuka na floridi, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa zaidi ya hapo miaka mingi, meno yanaharibika, na ikizidi sana hata mifupa. Klorini haiondoi floridi, wala kuchemsha. Kwa hiyo tuliunganisha na bomba. Kwenu Lubumbashi jambo ni lingine: ardhi inachimbika, nyumba nyingi zina kisima uwanjani, na hatua chache kutoka kisimani kuna choo. Tena mji wenu ni wa shaba, na madini yanaweza kuingia majini. Kabla hujatangaza utanunua nini, maji yapimwe na anayejua kupima. Na usichague 22 Machi kwa sababu mimi niliichagua, huko kwenu mvua bado inanyesha. Mei ni bora.

Tangi letu lilikuwa la lita 5,000. Watoto walipiga vigelegele walipoliona. Mimi nilikaa nikapiga hesabu: ni bidoni 250, na shule ina watoto wapatao 800, kila mmoja anapata lita 6 na kidogo likiwa limejaa. Halikuwa limejaa mara nyingi. Miezi miwili baadaye robine iliibwa. Bili ya kwanza ya maji ilipokuja, kila mtu alimtazama mwenzake, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza ni nani atalipa. Wewe uliza sasa, na jibu liandike. Weka kando sehemu ya feza kwa robine ya pili na ya tatu, maana zitahitajika.

Halafu ikaja jioni ya 22 Mei 2021. Nyiragongo ililipuka, lava ikateremka upande wa Buhene, ikaharibu tangi kubwa la mji na mabomba, na watu wapatao nusu milioni wakabaki bila maji safi. Tangi letu dogo lilikauka kama mengine yote. Tuliporudi kutoka tulikokimbilia nililikuta limejaa vumbi jeusi na kijiko kimoja ndani, sijui cha nani.

Nilikuwa nimeapa sitapanga matembezi tena. Aliyenirudisha ni yule binti. Mwaka 2022 alikuwa darasa la sita, karibu na mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, amekuwa mrefu kuliko mimi. Alikuja na daftari la hesabu, lile la mistari ya kuingia na kutoka wanalofundishwa komasiale, akaniambia safari hii yeye atashika kalamu. Na alishika kweli. Alikaa mezani katikati ya uwanja. Kila aliyetoa alitaja jina lake, yeye akalirudia kwa sauti, akaandika, akamwonyesha. Mwisho hakuna aliyetangaza jumla kwa megafoni. Alisoma mstari kwa mstari, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, ikachukua karibu saa nzima, na watu walisimama juani wakasubiri majina yao. Siku ile tulipata kidogo kuliko 2019, na yule baba alikuwepo. Alitoa franka 2,000. Binti alirudia jina lake kwa sauti ile ile aliyotumia kwa wengine.

Kila mwezi nakala ya ukurasa ilibandikwa kwenye mlango wa shule ya Ndosho: bili, klorini, robine. Mama mmoja jirani alikabidhiwa ufunguo na kupewa kitu kidogo kila mwezi, kimeandikwa pia. Robine ile haikuibwa.

Mambo ya vita yaliyopita juu ya mji wetu tangu hapo kila mtu anayajua, sitayarudia. Daftari ninalo. Kesho nitapiga picha ukurasa wa kwanza nikutumie, uone alivyopiga mistari yake. Safu ya mwisho kulia, ile nyembamba, aliiandika «zilizopasuka». Siku ile ilibaki tupu, lakini wewe usiifute ukinakili.