Jifunze Python kwa bomba la maji

Ukiwa mwaka wa kwanza au wa pili wa uhandisi, achana na mazoezi ya kuchapa nyota na kupanga majina. Chukua swali la somo lako ambalo kikokotoo kinalimaliza kwa taabu. Zuri kuliko mengi ni mlinganyo wa Colebrook, unaotafuta msuguano wa maji ndani ya bomba, kwa sababu mgawo wa msuguano f umekaa pande zote mbili na huwezi kuutoa kwa aljebra ya kawaida.

Tuseme lita 10 za maji kwa sekunde zinapita kwenye bomba la chuma lililopakwa zinki, kipenyo milimita 100, urefu mita 100. Uparuzaji wa uso wa ndani uchukue kuwa milimita 0.15. Kabla ya kugusa kibodi, badilisha vyote viwe mita na sekunde: 0.01, 0.1, 0.00015. Mwendo unatoka 1.273 m/s, na namba ya Reynolds (kipimo cha kama maji yanatiririka kwa utulivu au kwa vurugu) ni karibu 127,000.

Sasa karatasi. Kisia f = 0.02, weka upande wa kulia wa mlinganyo, upate 0.02347. Rudisha hiyo: 0.02335. Rudisha tena, haisogei. Presha inayopotea ni sawa na kimo cha maji cha mita 1.93. Haya ndiyo majibu utakayoipimia programu yako. Bila hayo hutajua kama inakudanganya, na itakudanganya.

Kosa linalowanasa wengi ni logi. Colebrook inataka logi ya msingi wa 10, lakini math.log ya Python ni logi asilia (MATLAB nayo ni hivyo hivyo). Ukikosea hapo unapata f ya 0.0047 na upotevu wa mita 0.39. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Kinachokuokoa ni kujua somo: kwa namba hiyo ya Reynolds hata bomba laini kabisa lina f ya takribani 0.017, kwa hiyo 0.0047 haiwezekani. Ukipata 0.0058 halafu kitabu chako ni cha uhandisi wa kemikali, huenda hujakosea. Hiyo ni f ya Fanning, robo ya ile ya Darcy tunayotumia hapa.

Kipeo ni **, si ^. Andika 2^3 uone: Python inajibu 1.

Kwenye kitanzi (loop) kinachorudia hesabu, usisubiri f mpya ilingane kabisa na ya zamani kwa ==. Namba za desimali ndani ya kompyuta zina masalia, hata 0.1 + 0.2 si sawa na 0.3. Simama tofauti ikishuka chini ya 1e-8 (yaani 0.00000001), na uweke kikomo cha mizunguko 50 ili kitanzi kisizunguke milele. Namba ya Reynolds ikiwa chini ya 2,000, ruka Colebrook, tumia 64/Re.

Huna kompyuta? Google Colab inafunguka kwenye kivinjari cha simu, ila bando litaliwa.

Programu ikitoa 1.93, geuza msimbo uwe fanksheni inayopokea kipenyo, kisha uipe 0.05. Upotevu unaruka hadi karibu mita 71. Pitisha vipenyo kuanzia 0.05 hadi 0.15, chora grafu, na uichapishe pamoja na ripoti ya maabara.