Nguruwe wa mbegu ndogo: kamwone mama yake kwanza

Dada mmoja ameniandikia: "Nimepata nguruwe wa mbegu ndogo, muuzaji amenihakikishia hawatazidi ukubwa wa mbwa. Nichukue wawili?" Dada yangu, subiri kwanza. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, na mtu aliyejua fika anachokifanya.

Mimi hata mama yao nilionyeshwa. Alikuwa mdogo kweli, mweusi, tumbo linagusa majani, watoto wanang'ang'ania chuchu. Nani angebisha? Nilichofichwa ni umri. Jike wa mbegu ndogo anaweza kushika mimba hata kabla hajatimiza miezi sita, ilhali mwili wake unaendelea kukua mpaka miaka 3 na zaidi. Yule "mama" mwenyewe alikuwa bado mtoto. Mwaka ukapita, nguruwe wangu wakawa bado wanaongezeka. Nikapanua mlango wa banda, chakula kikahama kutoka bakuli kwenda ndoo. Nilipompigia muuzaji, akanijibu kwamba ninawalisha mno. Kauli ile ikinijia usiku, nageukia upande wa pili.

Tena wapo wanaokupa na kipimo kabisa: kikombe kimoja tu kwa siku, usithubutu kuongeza. Huko ni kumdumaza mnyama kwa njaa ili uongo wa muuzaji usigundulike. Nguruwe mwenye njaa atafukua kila alichokanyaga, na siku moja atakutafuna vidole ukimpa chakula.

Mbegu ndogo za kweli zipo, ila tuelewane kuhusu huo udogo. Göttingen, aliyezalishwa na chuo kikuu cha Ujerumani kuanzia miaka ya 1960 kwa kazi za maabara, ndiye mdogo wa kuaminika, na bado akikomaa anafika kilo 35 hadi 45. Nguruwe wa Vietnam mwenye tumbo la kuning'inia kwa kawaida huvuka kilo 50. Kunekune wa New Zealand, ninayemfuga sasa, huwa na kilo 60 mpaka zaidi ya 100. Hao ni wadogo ukiwaweka kando ya dume la mbegu kubwa ya Large White linalopita kilo 300. Ukiwa peke yako kwenye bustani ya mboga unajaribu kumsukuma mmoja wao atoke, utaniambia udogo wake uko wapi.

Sasa nimsifie Kunekune wangu kidogo, mniruhusu. Mbegu hii ilikaribia kutoweka kabisa mwishoni mwa miaka ya 1970, hadi Michael Willis na John Simister walipokusanya wachache waliobaki na kuanza kuwazalisha. Ni mpole, ana vishikizo viwili vya nyama vinavyoning'inia chini ya kidevu, na anakula majani kwelikweli. Kwenye malisho mazuri anafukua ardhi kidogo kuliko nguruwe wengine. Kidogo, nimesema. Ardhi ikilowa, pua ni pua. Lakini usimpigie hesabu za nguruwe mkubwa. Large White anafika uzito wa kuchinjwa kwa takriban miezi sita, Kunekune anataka mwaka au zaidi. Anayekuuzia kwa hesabu ya miezi sita, huyo naye muulize mama yao yuko wapi na ana umri gani.

Uzio unatangulia, nguruwe anafuata. Usimlete halafu ndipo uanze kutafuta nguzo. Mimi natumia waya wa umeme, na hapa wengi huumia kwa sababu hawajui jambo moja: nguruwe asiyezoeshwa, waya ukimgusa pua, hukimbilia mbele. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Jike alinyoosha pua, akanusa waya, akapiga yowe, kisha akapenya moja kwa moja, nguzo tatu zikaenda naye. Ndiyo maana unamzoeshea kwenye kizimba chenye ukuta imara au mbao, na waya unaupitisha mbele ya huo ukuta. Akiguswa na kukuta mbele hakupitiki, anajifunza kurudi nyuma. Wape siku kadhaa humo, mpaka uone wanaukwepa wenyewe. Waya wa chini uwe kimo cha pua yake, na majani yaliyo chini yake yafyekwe, kwa sababu yakigusa waya yanaunyonya umeme wote.

Siku ya kuwaleta, leta wawili. Nguruwe wa peke yake hunyongea, anapiga kelele, anatafuta mwenzake kwa kuvunja mlango. Mwombe muuzaji chakula walichozoea kule walikotoka, kisha ubadilishe taratibu, la sivyo kuhara kutakuwa makaribisho yao. Ukiwa tayari una nguruwe wengine, wageni wakae mbali nao kwa mwezi mzima, na uwahudumie wa mwisho. Usiwabebe ovyoovyo pia. Mtoto wa nguruwe akinyanyuliwa miguu juu, mayowe yake yatawaleta majirani wote. Kaa chini na ndoo yako, itingishe, waje wenyewe. Ukitaka kuwahamisha, shika ubao mpana mbele ya miguu yako na utembee nyuma yao polepole. Akiona ukuta hana hamu ya kupita. Kamba shingoni ni kupoteza muda, shingo yake na kichwa vinakaribia kuwa kitu kimoja.

Kivuli, maji, tope. Nguruwe hatoi jasho la kumpoza, kwa hiyo shimo la tope ni haki yake, na ngozi nyeupe inaungua na jua. Maji yasikatike hata nusu siku ya joto, kwani akikosa maji chumvi iliyo kwenye chakula inaweza kumshambulia ubongo.

Kwenye chakula nawasihi mnisikie. Nimetoka kukemea kuwatesa kwa njaa, sasa nakemea upande wa pili. Mbegu hizi hunenepa upesi mno. Nimeona dume la mtu ambalo mikunjo ya mafuta ilikuwa imeshuka juu ya macho mpaka halioni, linatafuta hori kwa kunusa. Mwenyewe anajisifu kwamba ni afya! Pitisha kiganja ubavuni na mgongoni: ukibonyeza kidogo uipate mifupa. Usipoipata, punguza nafaka, ongeza majani.

Madume usiyotaka kuzalisha yahasiwe mapema, na daktari wa mifugo. Usidanganyike kwamba ni watoto bado. Wale wa Vietnam wanaweza kupandisha wakiwa na miezi mitatu hivi, na dume hajali kwamba huyu ni dada yake. Watu wanashangaa mbegu yao inazaa vilema, kumbe walinunua dume na jike wa tumbo moja.

Mimba ni siku 114, au kama wafugaji wanavyohesabu, miezi 3, wiki 3 na siku 3. Wiki hii jike wangu amezaa, na nasema kwa kujivuna kwamba sikumgusa. Siku moja kabla, alianza kubeba majani makavu mdomoni, fungu baada ya fungu, akiyapanga pembeni mwa banda na kuyakanyaga. Nilipobana chuchu, tone la maziwa likatoka. Nikamwongezea majani, nikakaa mbali. Maziwa ya nguruwe yana madini ya chuma kidogo sana, kwa hiyo watoto wanaokaa kwenye sakafu ya zege wachomwe sindano ya chuma siku chache baada ya kuzaliwa. Wangu wanachezea udongo na wanaupata humo.

La mwisho ni homa ya nguruwe ya Afrika. Haina tiba, na inaua karibu kila nguruwe iliyempata. Mwaka 2018 iliingia China, na mabanda makubwa yenye walinzi hayakunusurika. Kirusi chake hukaa muda mrefu kwenye nyama, kwa hiyo mabaki ya mezani na ya hotelini usiyasogeze bandani. Uingereza ilipiga marufuku kuwalisha nguruwe mabaki hayo mwaka 2001, baada ya mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo uliohusishwa na shamba lililokuwa linalisha mabaki ambayo hayakuchemshwa. Wewe mwenye nguruwe wawili usijione mdogo usiyehusika. Kirusi hupanda pia kwenye viatu na matairi. Mgeni akitoka kwenye banda la mtu mwingine, mpe viatu vyako avae, au azungumze nawe nje ya geti. Atanuna. Mwache anune.