Wasomaji Wanauliza: Gari ya mtoto inakabwa ikitoka kona, ninunue injini nyingine?

SWALI: Habari za kazi ndugu mwandishi. Kijana wangu ana miaka 9, huu ndo msimu wake wa kwanza wa mashindano ya gokati, vile vigari vidogo vya mbio. Mwanzo alikuwa anaendesha zile za kukodi na alikuwa anawaacha hadi watu wazima, sasa tumemnunulia ya kwake yenye injini ya cc 60 na raundi nne zote tulizoshiriki anamaliza kwenye watatu wa mwisho. Shida naona ni injini, akitoka kwenye kona gari inakuwa kama imekabwa koo, wenzake wanampita kwenye sehemu iliyonyooka. Nimebadili kabureta, nimempelekea fundi injini mara mbili anasema iko sawa, sasa nataka ninunue nyingine. Alafu siku hizi tukirudi nyumbani haongei kabisa njia nzima, hilo nalo linaniumiza. Nifanyeje? – Baba Dereva

JIBU: Kaka, hiyo hela ya injini iache kwanza ilipo. Nimekuwa fundi wa gokati ya binti yangu kwa misimu mitatu na msimu wa kwanza nilinunua injini katikati ya mashindano kwa sababu hiyo hiyo unayoisema, na mtoto akamaliza pale pale alipokuwa anamaliza. Kwahiyo nakujibu nikiwa nimeshapita hapo.

Hiyo dalili ya kukabwa ikitoka kona mara nyingi haitoki kwenye injini, inatoka kwenye tairi ya nyuma ya ndani, yaani iliyo upande wa ndani wa kona. Gokati haina difu, kile kifaa kinachoziacha tairi mbili za ekseli moja zizunguke kwa spidi tofauti, wala springi. Ekseli ya nyuma ni bomba moja, tairi zote mbili zinazunguka spidi moja, na kwenye kona tairi ya nje ina safari ndefu kuliko ya ndani, sasa zikiwa zote chini kitu gani kitatokea? Zinagombana na injini inabeba ugomvi wote. Ndo maana gokati imetengenezwa ili usukani ukikatwa ile tairi ya nyuma ya ndani inyanyuke kidogo kutoka chini, fremu inajipinda, gari inapita kona kwa tairi tatu, alafu usukani ukinyooshwa tairi inarudi chini taratibu na gari inaondoka. Tairi isiponyanyuka, au ikirudi chini mapema wakati mtoto bado amekata usukani, unasikia injini inazama, na hapo kila baba anasema injini mbovu.

Siku ya mazoezi simama kwenye kona ya pole kuliko zote, usishike saa wala simu, angalia hiyo tairi moja tu kwa mizunguko kumi. Alafu angalia mwili wa mtoto. Nina wasiwasi mkubwa kijana wako anajilaza upande wa ndani wa kona kama yuko kwenye baiskeli, watoto wengi wanaotoka kwenye gokati za kukodi wanafanya hivyo, na akijilaza ndani anaikandamiza chini ile ile tairi tunayotaka inyanyuke. Mwambie akae wima, mabega yatulie, ikiwezekana uzito wake uegemee upande wa nje. Binti yangu ilimchukua kama wiki tatu kuacha, na alipoacha gari ikabadilika kabisa, injini ile ile ya zamani.

Cha pili ni kiti. Kiti ndo kinabeba uzito wa mtoto na kuupeleka kwenye fremu, kikiwa kikubwa anateleza huku na huku na uzito haufiki inapotakiwa. Najua mtoto anakua na wewe unafikiria mbele, lakini usimnunulie kiti cha mwakani, nunua kinachombana mbavu leo. Ukishafunga, pima gari kwenye mizani nne mtoto akiwa ndani na amevaa kila kitu, wengi wanaanzia kwenye uzito wa karibu asilimia 43 mbele na 57 nyuma. Na kama mmefunga vipande vya madini ya risasi kwenye kiti ili kufikia uzito wa chini unaotakiwa kwenye daraja lake, vipimeni upya kila baada ya miezi miwili hivi, manake yeye ameongezeka kilo na nyie bado mnabeba risasi ya mwanzo wa msimu, hapo ndo mnapitwa kwenye sehemu iliyonyooka kwa kosa la hesabu tu.

Presha ya tairi pima ikiwa baridi kabla hajaingia, pima tena akitoka tu kabla haijapoa, andika kwenye daftari pamoja na hali ya hewa. Na kabadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wewe umebadili kabureta na kupeleka injini kwa fundi, sidhani kama sasa hivi unajua kipi kilisaidia na kipi kiliharibu.

Injini hizi ndogo hazisamehi. Mtoto akikata usukani kupita kiasi tairi za mbele zinajikwaruza, spidi inapotea na cc 60 haiwezi kuirudisha haraka, anaidai mpaka mwisho wa ile sehemu iliyonyooka. Kwenye gokati ya kukodi kosa hilo halikuonekana kwa sababu wote wanalifanya. Michael Schumacher, yule bingwa wa zamani wa Formula 1, alipokuwa mtoto alikuwa anaendesha na tairi chakavu walizotupa wenzake, na bado alikuwa anashinda. Tairi nzuri zinasaidia sana, sibishi, ila mikono inatangulia.

Sasa ule ukimya. Hili nimeliweka mwisho ila kwangu ndo la kwanza. Mtoto wa miaka 9 anasoma uso wa baba yake vizuri kuliko anavyosoma bendera. Umepeleka injini kwa fundi mara mbili mbele yake, ameona hela imetoka, na yeye bado anamaliza nyuma, kwahiyo kichwani kwake kosa ni lake. Mkiwa njiani usichambue mashindano. Usimuulize kwanini yule alikupita kona ya tatu. Akianza mwenyewe kuongea msikilize, asipoanza basi muulize habari za shule au marafiki zake, daftari mtalifungua kesho yake mkiwa mmepumzika. Na mpe kazi kwenye gari, akushikie kipimo cha presha, apake mafuta cheni, asafishe fremu na wewe. Binti yangu alianza kuniambia gari inafanya nini siku alipoanza kuifunga bolti mwenyewe.

SWALI: Shikamoo. Mwanangu aligongwa kwenye kona ya kwanza raundi iliyopita akazunguka, hakuumia ila sasa anaogopa mwanzo wa mashindano. Na mimi naogopa zaidi yake, kwanini hizi gari hazina mkanda? – Mama wa wawili

JIBU: Marahaba dada yangu, pole sana. Mkanda haupo kwa sababu gokati haina kizimba cha vyuma juu ya kichwa, ikipinduka ni salama zaidi dereva atoke kuliko abaki amefungwa chini yake. Kwahiyo ulinzi wote uko mwilini mwake: kinga ya mbavu, kola ya shingo, glovu, na helmeti ya watoto, ambayo imetengenezwa nyepesi kwa ajili ya shingo zao. Iwe saizi yake ya leo.

Uoga usimkemee. Ombeni siku ya mazoezi, aanze pamoja na watoto wawili watatu anaowaamini, warudie kuanza tu hata mara kumi bila kumaliza mashindano. Na raundi ijayo akitaka kuanzia mkiani, muacheni. Akisema hataki tena kabisa, msikilizeni pia mama.

SWALI: Shikamoo, mimi ni msichana wa miaka 12. Nimebakiza raundi moja na niko wa nne kwenye pointi. Watu wanasema ukishindwa kuwa bingwa kwenye gokati basi huendi popote. Ni kweli? Na niendesheje hiyo raundi?

JIBU: Marahaba binti yangu. Si kweli. Ayrton Senna alikuwa wa pili kwenye mashindano ya dunia ya gokati 1979 na wa pili tena 1980, ubingwa huo hakuupata kabisa, baadae akawa bingwa wa dunia wa Formula 1 mara tatu.

Kuhusu raundi, kaa na mzazi wako msome sheria za mashindano yenu, mengi yanaruhusu kufuta matokeo yako mabaya zaidi, ukishafuta pengine uko wa tatu na hujui. Alafu zile mbio za awali zinapanga utaanzia wapi fainali, kwahiyo huko usipiganie nafasi moja kwa kugongana, maliza kila mbio. Ukiona bendera ya njano, ishara ya hatari mbele, usimpite mtu hata akiwa amepunguza sana. Lala mapema usiku wake, na baada ya raundi niandikie uniambie ilikuwaje, nasubiri kwa hamu.