Usioshe hiyo rukola leo!

Dada, umeuliza jinsi ya kutunza majani ya saladi hadi siku ya posa na kupunguza uchungu wake; funga bomba kwanza. Yaani posa Jumamosi, leo Jumatano, na unataka kuosha kreti zima la rukola na chikori, yale majani ya saladi yenye uchungu, ufungie kwenye madishi ya plastiki, kisha friji moja na ndizi na maembe? Mzigo umetoka Lushoto ukiwa mzima, unataka kuuzika Dar?

Mimi nilishazika. Ilikuwa oda ya harusi, na aliyeniuzia mboga akanihakikishia kwa sauti ya uprofesa: "Osha mapema, friji itamaliza kazi." Kweli ilimaliza! Nafungua dishi asubuhi ya shughuli, harufu ya bwawa. Majani yanateleza kama bamia, yaliyosalimika yamegeuka njano. Nikakimbilia sokoni kununua upya kwa bei ya mtu mwenye shida, faida yote ikaishia kwa yule yule muuzaji. Wageni walipewa kachumbari nyingi kuliko ilivyopangwa, wakasifu, nami nikatabasamu kama ndiyo menyu yenyewe. Huyo bwana hadi leo akiniona anauliza kama nahitaji rukola. Hana haya.

Jani lililochumwa bado linapumua. Ukilifungia na maji, bakteria wa kuozesha wanapata sherehe yao kabla ya yako. Na matunda yanayoiva, hasa ndizi na maembe, hutoa gesi ya ethilini inayofanya majani yawe njano upesi. Kwa hiyo hapa hakuna mjadala: jani likae kavu, kwenye baridi, mbali na matunda. Kama mzigo umekuja na unyevu, utandaze juu ya kitambaa kivulini hadi ukauke, uviringe kwenye kitambaa kikavu, usishindilie. Weka droo ya chini, mzigo usigusane na ukuta wa nyuma wa friji, pale huganda. Kitambaa kikilowa, badilisha. Rukola ndiyo ya kuiangalia kila siku; chikori iliyofunga kichwa ni mvumilivu.

Uchungu? Wa chikori umo kwenye ule utomvu mweupe, umejaa zaidi kwenye kitako. Kitoe, katakata jani jembamba, loweka kidogo maji ya baridi. Rukola iliyotoa maua achana nayo. 

Kuosha ni Jumamosi alfajiri. Kung'uta, kausha kwa taulo safi, na sosi usiimwage hadi wageni wakae.