Kilomita 21 za kwanza: kwa anayeanza mazoezi Nakuru au Kisumu

Siku hizi maji yakikatika tunaambiwa kuna changamoto. Barabara ikibomoka, changamoto. Neno hili ni jirani ya kuchangamka, ila limetumiwa hadi likawa jina la adabu la shida. Hapa tunasema ile nyingine: jambo gumu ulilojichagulia, ambalo usipolifanya hakuna atakayekudai. Karo hudai, kodi ya nyumba hudai. Kilomita 21, yaani nusu marathoni, hazimdai mtu, na kwa sababu hiyo zinakuonyesha wewe ni nani usipofuatwa na mtu.

Jipe wiki 20. Pumzi na moyo huzoea haraka kuliko mifupa na kano, kwa hiyo wiki ya tano utajiona una nguvu za kumaliza leo leo. Ndipo wengi huongeza umbali maradufu na kuanza kuumwa na muundi.

Kimbia siku tatu zisizofuatana, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Wiki mbili za kwanza kimbia dakika 2, tembea dakika 2, mara 8. Punguza kutembea kidogo kidogo, hadi wiki ya sita ukimbie dakika 30 mfululizo. Kuanzia hapo Jumapili pekee ndiyo irefuke: anza na kilomita 6, ongeza 1 au 1 na nusu kila wiki, na kila wiki ya nne ipunguze ili mwili upumue. Ukigusa 18 wiki mbili kabla ya mbio, zinatosha. Kuhusu kasi, uweze kumsalimu jirani na kumuuliza habari za watoto bila kukata pumzi.

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Anayehamia Nakuru kutoka Kisumu ataona amerudi nyuma. Hewa ni nyepesi tu, asiangalie saa kwa wiki mbili tatu. Kisumu adui ni joto na unyevu wa ziwa: toka kunapopambazuka, saa mbili ikukute nyumbani. Nakuru, njia ya kupanda mlima Menengai iache hadi mwezi wa tatu wa mazoezi, maana kuteremka kwake huumiza magoti kuliko kupanda. Barabarani shika upande wa kulia ili magari yakujie usoni. Bodaboda hutoka popote, basi usizibe masikio na muziki.

Viatu vya mtumba vinafaa. Bonyeza soli ya kisigino kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, rudisha. Kisha kiweke kiatu mezani ukitazame kwa nyuma: kikilalia upande, nyayo za mwenyewe wa kwanza bado zimo ndani. Mbele ya vidole acha nafasi ya unene wa kidole gumba, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi.

Nunua daftari. Kila siku ya mazoezi andika dakika, hali ya mwili, na kama hukutoka, sababu. Ukiona umeandika "mvua" mara tatu katika wiki ambayo vumbi lilikuwa linatimka, umeshajifunza kitu ambacho saa haipimi. Wiki ukiikosa, usiilipe kama deni kwa kukimbia mara mbili kwa siku, irudie tu. Usitangaze mapema kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, pongezi za bure hushibisha. Mwambie mtu mmoja, yule atakayekuuliza kila Jumapili jioni.

Weka vipimo viwili: muda unaoutamani, na kumaliza. Juni 2025 mjini Paris, mkimbiaji wa Kenya Faith Kipyegon alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Alitumia dakika 4 na sekunde 6 na ushei. Dakika 4 hakuzivunja, lakini hakuwa amewahi kukimbia maili upesi kiasi hicho, tena akiwa na watu wa kumkinga upepo. Nawe tafuta wa kukimbia naye Jumapili.

Misuli kuuma yote kwa siku mbili ni kawaida. Maumivu ya nukta moja juu ya mfupa, unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, si ya kuvumilia: acha kukimbia, na yasipoisha nenda hospitali. Kifua kikibana, nenda papo hapo. Mbio ziahirishe, daftari ulihifadhi.