Kwaya ndogo isiiogope Ave verum ya Byrd

Mwalimu mmoja wa kwaya ya kigango ameniandikia wiki hii: waimbaji wake ni wachache, kinanda hawana, je, wataiweza Ave verum corpus ("Salamu, mwili wa kweli") ya mtunzi Mwingereza William Byrd? Ndugu yangu, mtaiweza. Moteti hii, yaani wimbo mfupi wa kanisa wa sauti kadhaa, inawafaa ninyi kuliko kwaya yenye watu themanini.

Byrd alikuwa Mkatoliki Uingereza wakati Misa imepigwa marufuku. Padri akikamatwa aliweza kuuawa, na aliyekataa kwenda ibada ya Kianglikana alitozwa faini. Byrd na mkewe walishtakiwa kwa kosa hilohilo, ingawa yeye alikuwa mwanamuziki wa kanisa la Malkia Elizabeth I. Baadaye alihamia Stondon Massey, Essex, karibu na nyumba ya familia ya Kikatoliki ya Petre, ambako Misa ilisaliwa kwa siri. Moteti yenyewe ilichapwa mwaka 1605 katika Gradualia, mkusanyo wake wa nyimbo za ibada ya Kikatoliki: sauti nne tu, hakuna ala. Ni muziki wa watu wachache chumbani, wanaoimba huku wakisikilizana.

Sisi tumeiimba mwaka huu, Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, baada ya komunyo. Najivunia sana vijana wangu. Ila nilipoleta nota, kiongozi mmoja alisema mbele ya kwaya nzima kwamba huo ni wimbo wa msiba na waumini watasinzia. Wapo walioacha kuja mazoezini kwa ajili ya neno lile. Bado linaniuma, kwa sababu alikuwa hajasikia hata mstari mmoja.

Anza na maneno. Kilatini kisomwe pamoja, polepole, kila mmoja ajue anamwambia nani nini. Kisha kaa sana pale mwanzoni. Soprano wanamaliza "Ave" kwenye F iliyopandishwa nusu toni, na papo hapo besi wanaingia "verum", yaani "wa kweli", kwa F ya kawaida. Sikio linashtuka. Besi wangu kila mara waliivuta ile nota juu iwafuate soprano, nikawanyamazisha wengine wote, wakaiimba peke yao mpaka wakaiamini. Ule mgongano usiulainishe. Uingereza ya wakati ule watu waligombana hasa juu ya hilo, kama kweli mkate wa komunyo ni mwili wa Kristo, na Byrd analitamka bila kuyumba.

Kwenye "O dulcis, o pie" ("Ee mtamu, ee mwema") soprano wanaita, sauti za chini zinaitika. "Miserere mei" ("Unihurumie") inapokezanwa sauti kwa sauti, na sehemu hiyo yote inarudiwa. Mara ya pili tuliimba chini zaidi. Kanisa lilitulia, hata watoto.

Walimu wenzangu, tuache kupima wimbo kwa makofi na vigelegele. Shangwe ina mahali pake, nami nazipenda ngoma za kwetu. Lakini mtu aliyetoka kumpokea Bwana anahitaji pia nafasi ya kunyamaza, na ni wajibu wetu kumpa. Mkikatishwa tamaa, endeleeni na mazoezi.

Nota zake zinapatikana bure mtandaoni. Ziandike kwa solfa kama ndiyo wanayoisoma, shusha toni moja soprano wakibanwa, na anza na watu wawili kwa kila sauti.