Uliza Mwalimu: Samatta na hatua moja mbele ya beki

Barua za safari hii nyingi zimemhusu mtu mmoja, Mbwana Ally Samatta, mshambuliaji wa Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania. Nimechagua tano. Mimi nafundisha watoto mpira Temeke, na mshambuliaji ndiye mchezaji ninayempenda kumfundisha kuliko wote, kwa hiyo mtaniwia radhi nikirefusha.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu tunabishana kila jioni. Wenzangu wanasema Samatta alifeli England, maana pale Aston Villa alicheza mechi 14 za ligi akafunga bao moja. Mimi namtetea lakini hizo namba zinanifunga mdomo. Nisaidie. *Msomaji, Tandika, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Namba walizokupa ni za kweli, usizikatae. Ila waulize wenzako swali moja: Samatta amefunga mabao mangapi katika ardhi ya England, na ameyafungaje?

Mimi nayakumbuka matatu. La kwanza ni la Anfield, 5 Novemba 2019, akiwa na Genk ya Ubelgiji kwenye Ligi ya Mabingwa. Liverpool walikuwa ndio mabingwa wa Ulaya. Ikapigwa kona, akaruka, mpira nyavuni, 1-1. Liverpool walishinda 2-1 mwishoni, lakini bao lile lilitikisa mtaa wetu hadi jirani akatoka na taa kuuliza kuna nini. La pili ni la Bournemouth, 1 Februari 2020, mechi yake ya kwanza kabisa ya Ligi Kuu, na siku hiyo akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika ligi hiyo. La tatu ni la Wembley, 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi. Manchester City wanaongoza 2-0, dakika ya 41 John Stones anateleza, El Ghazi anamimina krosi, Samatta anajirusha. Ikawa 2-1, na ikaisha hivyo.

Yote matatu ni ya kichwa, na Samatta si mtu mrefu wa kutisha. Mabeki wa kati wa England wengi wanampita kimo. Anawapataje?

Nikifundisha jambo hili naweka koni mbili na beki mmoja. Namwambia mtoto asimame mgongoni mwa beki, upande ule ambao beki hawezi kumwona yeye na mpira kwa pamoja. Winga akiinua kichwa tu, mtoto arudi hatua mbili kama anakimbilia mlingoti wa mbali. Beki atageuka kumtafuta. Hapo hapo mtoto akate mbele yake kwa hatua moja. Mtu aliyeshapitwa, urefu wake haumsaidii kitu. Angalia tena bao la Wembley bila sauti, usiangalie mpira, mwangalie Samatta kabla krosi haijapigwa. Utaiona hatua hiyo.

Sasa bao la namna hii linataka krosi, na krosi inataka timu inayofika pembeni mara kwa mara. Genk walikuwa timu hiyo. Msimu wa 2018/19, chini ya kocha Philippe Clement, nyuma na pembeni yake walikuwapo watu kama Trossard na Malinovskyi. Samatta alifunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa, naye akachukua Kiatu cha Ebony, tuzo wanayopewa wachezaji wenye asili ya Afrika wanaong'ara Ubelgiji. Villa walikuwa wanapigania kutoshuka daraja. Walimnunua 20 Januari kwa sababu straika wao Wesley alikuwa ameumia vibaya goti siku ya mwaka mpya. Timu yenye hofu hurusha mpira mrefu mbele na kumtaka straika aubebe kwa kifua huku beki amemng'ang'ania mgongoni. Hiyo si kazi inayomfaa Samatta. Halafu Machi ligi ikasimama kwa sababu ya korona, ikarudi Juni viwanja vikiwa vitupu. Villa walinusurika siku ya mwisho kabisa, 26 Julai, kwa sare ya 1-1 na West Ham. Septemba akawa yuko Fenerbahçe.

Mimi siwezi kukuambia kwamba aling'ara Villa. Mshambuliaji wa kati kazi yake ni kufunga, na yeye mwenyewe nadhani angetaka mengi zaidi. Lakini miezi minane, na mitatu kati yake mpira umefungiwa kabatini, mimi simpimii mtu kazi ya miaka kumi na mitano kwa kipimo hicho. Baada ya hapo amecheza Uturuki, akarudi Ubelgiji kwa Antwerp na Genk, akaenda PAOK ya Ugiriki akawa bingwa wa ligi msimu wa 2023/24, kisha mwaka 2025 akasajiliwa na Le Havre ya Ufaransa akiwa na umri wa miaka 32. Klabu ya Ligue 1 haimchukui mtu wa umri huo kwa huruma.

SWALI: Mwalimu, ni kweli Samatta aliwahi kuwa Mchezaji Bora wa Afrika? Mwalimu wetu shuleni anakataa. *Mwanafunzi, Morogoro*

JIBU: Wote wawili mna ukweli mkononi. Usiku wa 7 Januari 2016, Abuja, zilitolewa tuzo mbili za mchezaji bora kwa wanaume. Ile ya Afrika nzima alipewa Aubameyang wa Gabon. Samatta alipewa ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika, akiwaacha nyuma Robert Kidiaba, kipa wa timu yake mwenyewe, TP Mazembe ya Kongo, na Baghdad Bounedjah wa Algeria. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuichukua kabla yake. Msalimie mwalimu wako.

SWALI: Jambo Mwalimu. Sisi wa Lubumbashi tunamwita Samatta mtoto wetu. Mbona ninyi Watanzania mkielezea safari yake mnaruka kutoka Simba mpaka Genk, kama vile Kamalondo, nyumbani kwa Mazembe, hapakuwa na kitu? *Mpenzi wa Mazembe, Lubumbashi*

JIBU: Ndugu yangu, lawama yako naipokea mikono miwili. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Samatta alianzia African Lyon, akapita Simba kwa muda mfupi sana, na mwaka 2011 Simba ikakutana na Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba ikatolewa, na Mazembe ikaondoka na habari ya kijana wa miaka 18. Akahamia kwenu mwaka huohuo, na huko akawa pamoja na Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu. Alikaa hadi Januari 2016. Hiyo ni karibu miaka mitano, na mimi naamini kwa dhati kwamba miaka hiyo ndiyo iliyomtengeneza. Genk walinunua mtu aliyeiva tayari.

Aliivaje? Kwanza alifika mahali ambapo Kiswahili kinasemwa sokoni na kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kijana wa Mbagala hakuhitaji kukaa miezi sita akiwa bubu. Hili watu hulidharau, lakini mimi nimeona vijana wenye miguu mizuri wakirudi nyumbani kwa sababu ya upweke tu. Pili, alisafiri. Ligi ya Mabingwa Afrika ni kucheza Algiers kwenye kelele, Omdurman kwenye joto, mara pengine kwenye kiwanja ambacho mpira haudundi sawasawa. Tatu, alikaa na watu wakubwa, Kidiaba aliyekwisha kubeba kombe hilo, na Kalaba, na hawakumwachia nafasi bure.

Ukitaka kujua waliishia kumwamini kiasi gani, tazama fainali ya 2015 dhidi ya USM Alger. Mechi ya kwanza, Algiers, Mazembe imeshinda 2-1. Bao la Samatta ni penalti. Marudiano, Lubumbashi, 8 Novemba, dakika ya 75 bado 0-0, Waalgeria wakipata bao moja tu roho mkononi. Penalti. Nani anapiga? Samatta, bado hajatimiza miaka 23. Akafunga, Assalé akaongeza la pili dakika za nyongeza. Penalti mbili za fainali ya Afrika kwa mguu wa kijana mmoja. Alimaliza mashindano na mabao 7, hakuna aliyempita.

Na ngoja nikupe ya siku sita baadaye, maana nilikuwapo uwanjani. 14 Novemba, Dar es Salaam, Taifa Stars na Algeria, kufuzu Kombe la Dunia. Elias Maguri akafunga la kwanza, Samatta la pili, tukawa mbele 2-0. Slimani akarudisha yote mawili. Nilitoka nikitembea kwa miguu hadi nyumbani, sikutaka daladala, sikutaka kusikia mtu akiongea. Siku tatu baadaye kule Blida tukafungwa 7-0. Wiki moja na nusu: bingwa wa Afrika, sare chungu, na mabao saba. Sijui kama wengi wetu tuliwahi kufikiri ilikuwaje kwa yule kijana ndani ya ndege.

SWALI: Mwalimu, bila upendeleo: Olunga au Samatta? Na mbona nahodha wenu hafungi Stars kama anavyofunga klabuni? *Shabiki wa Harambee Stars, Mombasa*

JIBU: Olunga ana nguvu na mguu wa kushoto mzito, na mtu aliyefunga mabao 8 katika mechi moja ya Kashiwa Reysol ya Japani hahitaji kutetewa na mimi. Wewe unataka kunikumbusha Cairo 2019, Kenya na Tanzania kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, naijua. Olunga dakika ya 39, Samatta dakika ya 40, halafu mkatushinda 3-2. Nikiwa na winga wazuri namchukua Samatta, nikiwa sina namchukua Olunga.

Swali lako la pili ndilo linaloniuma. Stars kwa miaka mingi imemfanya Samatta ashuke katikati kuufuata mpira, kwa sababu asiposhuka haumfikii. Akishashuka, hatua ile niliyoieleza hapo juu haina kazi, maana beki yuko nyuma yake mita thelathini. Siku tulipompa watu wa kumzunguka ilionekana: 24 Machi 2013 tuliipiga Morocco 3-1 hapa Dar, Ulimwengu moja, Samatta mawili. Na hata anaposhuka, anatoa. Januari 2024, San-Pédro, kwenye AFCON ya Ivory Coast, bao la Simon Msuva dhidi ya Zambia dakika ya 11 lilitokana na pasi yake. Zambia walisawazisha dakika ya 88, na bado sijawasamehe mabeki wetu. Kitambaa cha unahodha amekivaa tangu 2016. Amekwenda nacho AFCON ya 2019, ya kwanza kwetu tangu ile ya Nigeria ya 1980. Namhesabia hilo pamoja na mabao.

SWALI: Mwalimu, mwanangu ana miaka 16 na anafunga sana. Kuna wakala anasema atampeleka Ulaya kwa majaribio, anataka tutoe pesa ya viza na ya kambi. Baba yake yuko tayari kuuza kiwanja. Tufanye nini? *Mama wa mchezaji, Chanika*

JIBU: Mama, usiuze kiwanja. Naandika hili kabla ya jingine lolote.

Kanuni za FIFA zinazuia mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nje ya nchi yake, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhamia huko kwa shughuli isiyohusu mpira. Mwanao ana miaka 16. Kwa hiyo mtu anayemwahidi usajili Ulaya leo, ama haijui kanuni, ama anaijua vizuri sana. Tena klabu inayomtaka mchezaji kweli huandika barua ya mwaliko yenye jina la klabu na anwani, na unaweza kuipeleka TFF, shirikisho letu la soka, wakakuthibitishia.

Niliwahi kuwa na kijana wa miaka 17, winga, kasi ya ajabu. Mama yake aliuza cherehani mbili zilizokuwa zinawalisha. Kijana alifika mji wa watu, hakuna klabu iliyomsubiri, simu ya wakala ikawa haipatikani. Alirudi baada ya miezi minne. Hakucheza tena. Nikipita karibu na duka lao naona mahali cherehani zilipokuwa.

Kitu cha kufanya sasa hivi ni kumsajili mwanao rasmi kwenye klabu, hata ndogo, ili miaka yake iandikwe. Mchezaji anapouzwa kimataifa, asilimia 5 ya fedha ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa 23. Kwa maana hiyo klabu ndogo ya mtaani nayo ina sababu ya kumtunza mwanao na kutunza makaratasi yake. Mtu wa kambi ya kulipia hana sababu hiyo, faida yake inaisha ukishamlipa. Muache mtoto amalize kidato cha nne. Samatta hakuruka kwenda Ulaya. Alipofika Genk alikuwa na miaka 23 na medali ya Afrika shingoni.

Chanika si mbali. Mlete Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi kabla jua halijakali, hakuna malipo. Sitamwambia apige mashuti. Nitamwekea koni mbili na beki mmoja, nimwangalie anasimama wapi krosi inapokuja.